UZI: Jumba jeupe la Mizingani, alikokaa Sultani wa Zanzibar wakati nyumba kubwa wameshika Waingereza

#1 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja kwa shughuli zangu. Zikaisha mapema, na boti yangu ya kurudi Dar ilikuwa ya jioni. Nikajikokota mpaka Forodhani. Sijapata hata kivuli cha kukaa, papasi mmoja (hawa vijana wanaotembeza wageni kwa ujira) kanidaka. Akanionyesha Beit al-Ajaib, akaniambia hapo ndipo alipokuwa akikaa Sultani hadi siku ya Mapinduzi. Nikamuuliza, na lile jumba jeupe pale mbele, lenye meno juu ya ukuta? Akajibu bila kupepesa macho: "Lile la wake zake."

Nikampa chake, nikamshukuru. Baadaye nikalipa kiingilio cha jumba jeupe, ambalo siku hizi ni makumbusho, na humo ndani ndipo nilipogundua kwamba nimepigwa kamba mchana kweupe.

Mambo yako hivi. Jumba jeupe linaitwa Beit al-Sahel, nyumba ya pwani. (Hiyo "sahel" ndiyo hiyohiyo iliyotupa neno Waswahili, kwa hiyo ukipenda liite Nyumba ya Uswahilini, ingawa hakuna aliyethubutu.) Kuanzia 1911 mpaka Januari 1964, miaka kama 53, hilo ndilo lililokuwa makazi rasmi ya Sultani wa Zanzibar. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la nguzo na saa ambalo kila mtalii analipiga picha, kwa muda wote huo lilikuwa ofisi za serikali. Na serikali ya wakati ule mnajua ilikuwa ya nani.

Yaani mwenye kiti kahamia nyumba ya pembeni, mgeni kabaki na nyumba kubwa na mafaili yake. Kwangu mimi hiyo hama-hama inaeleza ukoloni wa Zanzibar kuliko mikataba yote niliyokaririshwa sekondari. Nataka niwapitishe humo ndani kidogo kidogo. Nitaandika kwa vipande maana natumia simu.

#2 Chachandu

Natia nanga hapa. Shusha vitu mkuu.

#3 Kaa la Moto

Mkuu, hapo kuna mkanganyiko. Mimi nimesoma kwamba jumba la Sultani lilijengwa miaka ya 1830 na Seyyid Said mwenyewe. Wewe unasema 1911. Tushike lipi?

#4 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Yote mawili, mkuu, ndiyo utamu wenyewe.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kutoka Muscat kuja Unguja alikuwa na nyumba mbili kuu. Moja Mtoni, nje ya mji. Ya pili hii ya mjini, Beit al-Sahel, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa 1830. Wiki yake aliigawa, siku nne Mtoni, zilizobaki mjini. Binti yake Salme, yule aliyetoroka 1866 na manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin 1886. Ukisoma anavyoieleza Beit al-Sahel ya utotoni mwake, ondoa kichwani picha ya kasri la kimyakimya. Uani kulikuwa kama sokoni: wachinjaji na nyama yao, wachukuzi wa maji wakiingia na kutoka, watumishi wamejilaza kwenye pembe mpaka mpitaji anawakwaa.

Mwanawe Barghash alipotawala (1870 hadi 1888) akataka makubwa zaidi. Huyu alikuwa mtu wa mambo mapya, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, kwa ajili ya sherehe na kuwakoga wageni. Baadaye ikatiwa taa za umeme na lifti, vitu ambavyo wakati ule huku kwetu mtu alivisikia tu. Katikati ya hizo mbili ilikuwepo ya tatu, Beit al-Hukm, ya wanawake. Zote zikaunganishwa kwa vijia vya juu, hewani, ili watu wa ndani wapite nyumba hadi nyumba bila kuteremka njiani na kuonwa na wapita njia.

Sasa ukisimama leo pale Mizingani, ukihesabu unapata mbili. Ya kati haipo, ni bustani. Na hiyo nyeupe unayoiona siyo ile ya Salme. Ilijengwa upya baada ya 1896, pwani hapohapo pa zamani, na jina likarithiwa. Kwa hiyo mkuu Kaa la Moto, jina ni la miaka ya 1830, kuta ni za mwisho wa karne ya 19, na ukaaji rasmi wa Sultani ndani ya kuta hizo ni wa 1911.

#5 Kaa la Moto

Dah. 1896 ndiyo ile vita fupi kuliko zote duniani?

#6 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Ndiyo hiyo. Huwa inasimuliwa kama kichekesho, watu wanabishania dakika 38 au 45 kama wanabishania mpira. Tuitazame kwa upande wa nyumba.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Maneno ya sumu yakaanza siku hiyohiyo na hayajaisha mpaka leo. Khalid bin Barghash, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaingia kwenye jumba na watu wake na kujitangaza. Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1893, alipokufa Sultani Ali bin Said, alijaribu vilevile, akabembelezwa akatoka. Safari hii akasema hatoki.

Waingereza walikuwa na mkataba kwamba hakuna wa kukalia kiti bila ridhaa yao, na mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid akakusanya watu wapatao 2,800, askari, watumwa na raia. Mizinga yake ilikuwemo miwili aliyoileta Kaizari wa Ujerumani kama zawadi, bombomu kadhaa, na mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17. Mbele yake bandarini zikatia nanga manowari tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Akajibu kwamba haamini kama watampiga kweli.

Saa tatu na dakika mbili wakafyatua.

Fikirini ujenzi wa nyumba zile: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikandaa, mbao. Ni nzuri kwa joto, na zimesimama dhidi ya mvua na chumvi kwa miaka mingi. Kwa mzinga wa manowari unaopigwa kutoka pale karibu, zilibomoka kama mkate wa ufuta. Beit al-Hukm ikaisha kabisa, haikujengwa tena. Beit al-Sahel hivyohivyo. Beit al-Ajaib ikapata majeraha ikasimama, ila mnara wa taa wa mbele yake ukaharibiwa vibaya. Ndiyo maana mnara wa saa unaouona leo umekaa katikati ya jumba lenyewe, ulitiwa wakati wa matengenezo ya baada ya hapo.

Watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili, baharia mmoja aliumia. Na kama hilo halitoshi, waliomuunga mkono Khalid wakadaiwa kulipia mizinga waliyopigwa nayo pamoja na hasara ya uporaji. Rupia 300,000. Unapigwa, halafu unaletewa bili ya risasi.

Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale mbele ya jumba. Kina kilikuwa kifupi, milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Nilisimama kwenye roshani ya juu nikapiga hesabu. Sultani mpya Seyyid Khalifa alipohamia 1911, asubuhi yake ya kwanza akifungua dirisha upande wa bahari, alikuwa anaitazama milingoti hiyo.

#7 Mahamri na Mbaazi

Mimi wa Mombasa, hapo kwa Khalid mmemuacha njiani. Aliponyokea ubalozi mdogo wa Wajerumani, Waingereza wakauzingira nje wakingoja akanyage barabara tu wamkamate. Alikaa ndani zaidi ya mwezi. Tarehe 2 Oktoba bahari ilipojaa, Wajerumani wakaleta mashua ikaingia mpaka bustanini kwao. Jamaa akatoka ardhi ya ubalozi moja kwa moja hadi majini, udongo wa Unguja hakuugusa. Akapelekwa Dar es Salaam, akakaa kwa Wajerumani mpaka Vita Kuu ilipofika huko na Waingereza wakamtia mkononi. Wakamzungusha Shelisheli na St Helena, kule alikofia Napoleon. Mwisho wakamruhusu arudi pwani, akafariki hapa kwetu Mombasa 1927.

Akitazama maji kusini anajua Unguja iko wapi. Kwenda hana ruhusa.

#8 Chachandu

Ile janja ya mashua nimeipenda bure.

#9 Mtoto wa Darajani

Assalaam alaykum. Mleta uzi umeeleza vyema ila nirekebishe kidogo kwa sisi wa huku. Usimlaumu sana papasi. Hata mjini wapo wanaochanganya, kwa sababu baada ya 1896 Sultani kweli alikaa Beit al-Ajaib. Hamoud alikaa, na mwanawe Ali bin Hamoud akakaa. Kuhama ndiko kulikuja 1911, alipoingia Seyyid Khalifa bin Haroub. Kwa hiyo papasi wako alikosea miaka, si jumba. Hilo la "wake zake" ndilo alilokutia chumvi.

Bibi yangu alizaliwa Malindi, na akisimulia Seyyid Khalifa hasemi "Sultani" hata siku moja. Husema "Seyyid" basi, kama unavyosema jirani. Akisema jioni gari yake ikipita watu wakisimama kando, na yeye akiinua mkono. Bibi akiwa mdogo alidhani anapungiwa yeye peke yake. Alikuja kugundua ukubwani kwamba kila mtoto wa mtaa wao alidhani hivyohivyo.

#10 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Waalaykum salaam. Nimepokea marekebisho kwa mikono miwili. Papasi nimemsamehe nusu.

Na hapo kwenye 1911 ndipo nilipotaka kukaa. Ali bin Hamoud alisafiri kwenda Ulaya mwaka ule, kulikuwa na kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano. Hakurudi. Akajiuzulu hukohuko, akaendelea kuishi Paris hadi kufa kwake 1918. Shemeji yake Khalifa bin Haroub, mzaliwa wa Muscat 1879, akashika kiti Desemba 1911. Akahamia Beit al-Sahel. Jumba la maajabu likawa la makarani.

Tazama mfuatano wake. Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar yakatolewa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza yakapelekwa Wizara ya Makoloni. Punde kazi ya balozi mkuu na ya waziri mkuu wa Sultani zikaunganishwa kwa mtu mmoja, Mwingereza, aitwaye Rezidenti. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu hivi Sultani kahama nyumba ya utawala, na aliyepaswa kuwa waziri wake kageuka kuwa mkubwa wa kila kitu. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea, mizinga ya heshima ikaendelea kupigwa, Idi watu wakaenda kutoa mkono wa Idi. Barua zikawa zinaandikwa jumba la pili.

Haya, twende ndani.

Chini ni habari za mwanzo, mikataba ya biashara, ukiwemo ule wa Wamarekani wa 1833, wakati ambapo pembe za ndovu, karafuu na nguo za marikani vilikuwa vinapishana bandarini. Kuna chumba cha Salme. Nilimkuta mama mmoja wa makamo kasimama mbele ya picha yake, kajifunga mtandio, hasemi kitu. Nikapita kimya.

Ya kwanza juu imejaa picha kubwa za masultani wenye majambia na vilemba, fanicha za mpingo nyeusi tii zilizochongwa mpaka unaogopa kuzikalia, meza ndefu ya karamu. Kila kitu kinasema "sisi ni wafalme". Sawa, nikatikisa kichwa, nikapanda.

Ghorofa ya juu kabisa ni makazi ya Seyyid Khalifa mwenyewe. Vyumba vya wake zake wawili viko huko, na ukiviangalia utajua mara moja kwamba hawakuwa na macho ya aina moja. Fanicha za mmoja haziwezi kukaa chumba cha mwenzie, zingegombana. Halafu nikageuka nikakutana na kabati la nguo.

Wakuu, kabati la FOMAIKA.

Lile lile. Mabapa laini ya plastiki ngumu, kingo nyembamba, miguu membamba ya mtindo wa miaka ya 1950, kama lile alilokuwa nalo mjomba wangu Morogoro, alilonunua kwa bonasi na kulifuta kwa kitambaa chenye maji kila Ijumaa. Nimetoka kuona mpingo na dhahabu huko chini, ukuta mzima wa mababu wenye majambia, na hapa kalala mjukuu wao, mtu aliyetawala karibu miaka 49, na nguo zake zimo kwenye fomaika. Nilicheka peke yangu. Mtalii mmoja akanitazama, akatazama kabati, hakuelewa.

Nikakaa kwenye baraza ya dirishani nikiwaza. Wageni wengi nimesikia huliona hilo kabati kama ushamba. Mimi naona tofauti. Fomaika wakati ule ilikuwa ndiyo habari ya mjini, haichubuki, haitaki kupigwa vanishi. Barghash, ndugu wa babu yake, alipenda vitu vipya kuliko vyote. Khalifa naye alitaka kipya. Tofauti ni kwamba mwaka 1883 Sultani akitaka kipya anajenga nyumba ya maajabu, na miaka ya 1950 Sultani akitaka kipya anapata kabati.

#11 Chachandu

Mjomba wa Morogoro kaingia kwenye historia ya Zanzibar bila viza 😂

#12 Nyundo ya Fundi

Naomba niharibu sherehe. Mnasimulia lifti, mpingo, baraza za dirishani. Nani alibeba hayo mawe ya matumbawe? Nani aliokota karafuu zilizolipia hizo fanicha? Uzi mzima neno mtumwa limetajwa mara moja kupita tu, kwenye jeshi la Khalid. Mnapenda sana kasri, mnasahau shamba.

#13 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Nyundo, hujaharibu kitu. Hata kwenye mabango ya jumba lenyewe utasoma mengi ya mikataba na machache ya mikono.

Utajiri wa Seyyid Said ulisimama juu ya karafuu na pembe, na vyote viwili vilisimama juu ya migongo ya watu walioletwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, Barghash alipotia saini chini ya vitisho vya manowari. Lakini utumwa wenyewe ulibaki halali visiwani miaka 24 zaidi, hadi Hamoud alipotoa amri ya Aprili 1897. Piga mahesabu: Beit al-Ajaib ya 1883 ilijengwa katikati ya kipindi hicho. Biashara imepigwa marufuku, mtumwa bado ni mali.

Na ule uani wa Salme niliousimulia hapo juu, wale waliolala kwenye pembe mpaka wanakwaliwa, niliwaita "watumishi". Hapo kalamu iliteleza. Wengi wao walikuwa watumwa.

#14 Nyundo ya Fundi

Hapo sawa. Endelea.

#15 Kaa la Moto

Tunataka mwisho sasa. 1964 ilikuwaje humo ndani?

#16 Mtoto wa Darajani

Huo mwisho naomba niueleze mimi kwa ufupi, maana kwetu huku kila nyumba ina yake, na mengine hayasemeki jukwaani.

Seyyid Khalifa alifariki Oktoba 1960. Mwanawe Abdullah akatawala mpaka Julai 1963, naye akafariki. Akaja Jamshid bin Abdullah. Uhuru ukatolewa tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja usiku wa kuamkia 12 Januari 1964. Hesabu mwenyewe, mwezi na siku mbili. Jamshid na jamaa zake wakatoka kwa meli yao, nayo ikiitwa Seyyid Khalifa, jina la babu yake. Mombasa wakakataliwa kuteremka. Wakaenda Dar es Salaam, na kutoka hapo wakapelekwa Uingereza kwa ndege.

Jumba likabadilishwa jina, likaitwa Jumba la Wananchi. Kwa miaka mingi lilikuwa la shughuli za serikali. Mwaka 1994 ndipo likafanywa makumbusho. Mimi nilipelekwa na shule. Kilichonikaa kichwani siku hiyo ni kitanda, nilidhani kitanda cha mfalme kitakuwa na ngazi.

#17 Matrah

Mimi niko Muscat, mzee wangu alitoka Unguja 1964 akiwa mtoto. Niongezee kipande. Jamshid aliishi Uingereza, mji wa Portsmouth, zaidi ya miaka 50. Mtaa wa kawaida na nyumba ya kawaida. Aliomba kuja Oman mara kadhaa bila kufanikiwa, mpaka 2020 ndipo akaruhusiwa. Alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95.

Huku kwetu wazee bado wanaongea Kiswahili barazani, na wakibishana kuhusu mji wanabishana kwa njia na vichochoro: ukitoka Forodhani ukapita mbele ya jumba, mkono wa kulia kuna nini? Mzee wangu anasema makaburi. Rafiki yake anasema hapana, bustani kwanza. Wamebishana hivyo tangu niko darasa la pili. Nani mkweli?

#18 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Matrah, umenipa raha. Wote wawili wako karibu, waambie nimesema hivyo. Bustani ndiyo ile sehemu ya Beit al-Hukm, kati ya majumba mawili. Makaburi ya ukoo wa kifalme, Makusurani, yako ubavuni mwa jumba jeupe. Seyyid Said yumo humo. Alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman, maiti ikaletwa Unguja. Mwanawe Majid alianza kumjengea kuba, Waibadhi (madhehebu ya Kiislamu ya ukoo huo) wenye msimamo wakapinga, maana kwao kaburi halipambwi. Ujenzi ukasimama, na mpaka leo haujamalizwa. Kwa hiyo mtu aliyeanzisha majumba yote haya, nyumba yake ya mwisho ni gofu lisilo na paa.

Kuhusu mkono wa kulia au kushoto, inategemea umetokea wapi, na hilo sitaki kuingilia ugomvi wa wazee.

#19 Mtoto wa Darajani

Kaburi la Seyyid liko ubavuni mwa jumba. Kwa hiyo mwenye kutoka Forodhani anaanza Beit al-Ajaib, halafu bustani, ndipo afike kwenye jumba na makaburi. Rafiki wa mzee kashinda.

#20 Matrah

Siwezi kumpelekea hiyo habari. Ana presha.

#21 Kaa la Moto

Na Beit al-Ajaib yenyewe sasa hivi ikoje? Nilisikia ilianguka.

#22 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana, matengenezo yakiendelea. Watu wawili wakafa. Jumba lililostahimili manowari tano limeangushwa na maji ya mvua, boriti zilizooza na miaka ya kupuuzwa. Oman ndiyo iliyojitokeza kusaidia gharama za kulirudisha. Nilipofika lilikuwa limezungushiwa uzio, huingii.

Ndiyo sababu nikaenda nyumba ya pembeni, vinginevyo na mimi ningepiga picha ya nguzo nikaondoka.

#23 Chachandu

Mkuu maneno tumeshiba. Tupia picha ya kabati la fomaika tulilinganishe na la mjomba.

#24 Pweza wa Nazi (mleta uzi)

Za kabati la Seyyid ninazo tatu. La mjomba nimempigia simu sasa hivi, anasema kaligeuza banda la kuku tangu 2009, ila milango bado inang'aa. Nitazitupia zote kesho, bando limebaki MB 12.